Mama Georgette Anatuachia Zamu Moja

Tarehe 30 Juni 2008, baada ya miaka ishirini na minne ya utangazaji, Mama Georgette anaondoka kwenye kiti chake cha studio ya redio yetu hapa Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika. Kiti kinabaki. Mto wa kukalia anaondoka nao, ni wake, na ameshatuonya tusiuguse.

Alianza mwaka 1984 na kipaza sauti cha sokoni, akitangaza mbuzi waliopotea na watoto waliopatikana. Vita vya 1996 vilipotutawanya, wengi wakivuka ziwa kwenda kambi za Tanzania, yeye alikimbilia kijiji cha Lubondja, mtoto mgongoni na sahani ya bati kichwani. Sahani hiyo ndiyo iliyokuja kuongoza mijadala ya redio yetu. Zamu ya msemaji ikiisha, Mama aliigonga kwa kijiko, msemaji awe mchungaji, shehe au kamanda. Mchana alikula humo bugali na ndagala, yaani ugali na dagaa wa ziwani, kwa hiyo mjadala wa asubuhi haukuwahi kupita saa sita.

Sheria yake ilikuwa moja tu: anayekatizwa na jenereta kuzimika hupewa zamu yake iliyobaki siku inayofuata.

Desemba 2005, kabla ya kura ya maoni, tulijadili rasimu ya katiba ya nchi. Tukafika kwenye ibara iliyosema kila mtu ana haki ya kufunga ndoa na amtakaye, mradi awe wa jinsia nyingine. Wachungaji na mashehe, ambao hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa ya kuanza kipindi, siku hiyo walipeana mikono. Walisema ndoa za namna nyingine ni mambo ya Wazungu, kwetu watu wa namna hiyo hawapo. Ndipo Useni, fundi wa injini za boti, akaomba mikro, yaani kipaza sauti.

“Mi sikukuya kubishana,” alisema. “Munasema bantu ba vile habako huku kwetu. Mi niko hapa, munanijua. Niko na mwenzangu, Patrice, tuliishi wote mu kambi, na yeye angali kule. Mi naomba kitu moja tu…”

Hapo jenereta ikazimwa. Mafuta yalikuwepo, mtu aliizima, na hadi leo hajajitaja. Watu walipiga kelele Mama agonge sahani. Yeye aliikalia.

Kesho yake alifungua kipindi kwa kumwita Useni amalizie. Hakuja mtu. Wiki ile boti zilikuwa zikiturudishia ndugu zetu kutoka Kigoma. Useni alikuwa amepanda ya kwenda. Katiba ilipita, pamoja na ibara ile. Mama akasimamishwa kazi mwezi mzima kwa kumwita Useni amalizie. Alipoulizwa yuko upande gani, alijibu: “Mi niko upande ya sahani. Ule muntu hakumaliza kusema.”

Tangu hapo, kila boti ya wakimbizi ikitia nanga, Mama yuko ufukoni akitazama nyuso za wanaoshuka. Tulimtania kwamba anangoja mchumba. Siku moja hakucheka. Alisema anatamani tu kujua kile kitu kimoja kilikuwa nini. Nasi tuseme ukweli, tunatamani kukijua pia, na Useni mwenyewe tumemkumbuka mno.

Mama, asante kwa masikio yako. Nenda Lubondja ukalime mihogo yako kwa raha na afya. Sahani uliyotuachia iko mezani, imeoshwa. Na Useni akishuka siku yoyote, peke yake au na Patrice, mikro ni yake kwanza.