Marehemu Mzee Glavu na Picha za Kiwanda cha Sabuni

Marehemu Mzee Glavu, kama wote tulivyomwita, alikuwa mtoto wa pili wa mama aliyefunga sabuni kiwandani na mjukuu wa fundi viatu. Mtumishi na mtunza nyaraka wa maktaba ya chuo kikuu, jumla miaka thelathini na tisa. Aliyeokoa magazeti ya mwaka mzima bomba lilipopasuka, akayaanika ukurasa mmoja mmoja. Msomaji wa miandiko iliyowashinda hata walioiandika.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda hicho. Mimi ni dada yake mkubwa. Nilimbeba mgongoni mpaka akaanza kuona haya mwenyewe. Alisoma akamaliza sekondari mwaka 1970. Mimi niliishia shule ya msingi, lakini kichwa changu hakijawahi kupoteza sura ya mtu.

Aliajiriwa maktabani tarehe 3 Januari 1972 akiwa mfagiaji. Baadaye alipata cheti, akapelekwa chumba cha makusanyo maalumu, penye ramani zilizochorwa kwa mkono, barua zilizotafunwa na mchwa, na hati ambazo hugusi mpaka umenawa na kuvaa glavu.

Mwaka 1980 alioa fundi cherehani. Wiki ya kwanza tu akamwambia, "Mke wangu, nakupenda, ila karatasi zilikutangulia." Wifi yangu akamjibu, "Basi zikupikie."

Sasa niseme lililo zito. Kiwanda kilikipa chuo boksi la picha zake za zamani, bila jina hata moja. Tarehe 9 Juni 1994 mdogo wangu alinipeleka chumbani mwake maktabani niwatambue watu. Akanipa penseli. "Dada, humu kalamu ya wino hairuhusiwi."

Nikamwambia, "Penseli ya darasa la kwanza? Kwani unanionaje?"

Alipotoka kufuata kiti cha pili, nikachomoa kalamu yangu mkobani, nikaandika nyuma ya picha ya kwanza, tena kwa kukandamiza. Wino ukapenya mpaka mbele. Ukatua usoni kwa mama yetu.

Mkuu wa maktaba alipouliza, mdogo wangu alisema, "Ni mimi." Nilikuwa nimesimama palepale. Nikanyamaza. Alishushwa hadi ghala la magazeti kwa miaka sita, na ukuu wa chumba, aliokuwa apewe mwaka huohuo, akapewa mwingine. Watu waliponiuliza, nikawa najibu kwamba ameizoea kazi mpaka amekuwa mzembe. Yalimfikia hayo maneno. Hakunisuta hata siku moja.

Leo wenzake wa maktaba mko hapa, na yeye yumo jenezani. Hakuwa mzembe. Mkono ulikuwa wangu.

Alistaafu mwaka 2011. Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021, akafariki hospitalini Jumanne, tarehe 6 Februari 2024. Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, na mimi. Alale salama, na lawama nilizomtwika zibaki kwangu.

Siku mbili kabla hajafariki nilikaa kitandani pake nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Dada, radhi ulishapata zamani. Picha arobaini na mbili bado hazina majina, na wale wanawake wa kiwandani wamebaki kichwani mwako tu. Nenda ukawaandikishe wote. Anza na mama."