Ujumbe Mmoja wa Shangazi Mwiko: Risala ya Bweni la Tatu

Mgeni rasmi, dada yetu mkubwa uliyelala bweni hili kabla yetu na kisha ukaitengenezea shule jukwaa la mtandaoni, Mwalimu Mkuu, Matroni, ambaye tunamwomba asisimame mpaka tumalize, walimu, na wenzetu wa mabweni mengine mliokuja kutazama tukikabidhiwa kikombe:

Sisi, wasichana arobaini na wanne wa Bweni la Tatu, tunakusalimu kwa heshima zote na kwa viatu vilivyopigwa rangi, angalau upande wa mbele.

UKARIBISHO

Karibu tena nyumbani. Kitanda chako cha dirishani kipo na bado kinalia mtu akijigeuza. Tumekitandikia shuka jipya ili ulione. Kilicho chini ya shuka tunaomba usikifunue.

HISTORIA YA JUKWAA

Miaka sita iliyopita ulianzisha jukwaa ili wanafunzi waulizane masomo na wasipoteane wakati wa likizo. Kila mwanachama huandika ujumbe wake, na kando ya jina lake huonekana idadi ya jumbe alizokwisha kuandika. Mwaka jana, ulipoona jukwaa limepoa, uliahidi kikombe kwa bweni litakaloandika jumbe nyingi kuliko mengine. Ukaweka na kanuni: Ijumaa ya wiki hii, mwanachama ambaye hajafikisha jumbe kumi atafutwa, yeye pamoja na maneno yake yote.

Nia ilikuwa njema. Tatizo hukujua unashindana na akina nani.

MAFANIKIO

Tumeandika jumbe elfu kumi na moja, mia nne na kumi na mbili. Siri ya ushindi ni kwamba sentensi moja tuliikatakata kama kitunguu. "Habari" ulikuwa ujumbe wa kwanza, "za" wa pili, "asubuhi" wa tatu. Aliyejibu "nzuri" aliambiwa "sawa", sawa ikajibiwa "haya", na haya ikazaa "haya basi". Kiranja wetu wa kelele, tunayemwita Spika, aliandika alfabeti nzima herufi moja moja, kisha akarudi nayo kinyumenyume.

Dada mmoja wa Bweni la Kwanza aliuliza swali la kemia, mtihani ukiwa kesho yake. Alipata majibu mia moja na sita. Hakuna hata moja lililokuwa na kemia ndani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tulikijaza, ila kwa pumba.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu kubwa ilikuwa mwenzetu mmoja. Tunamwita Nukta, kwa sababu husema kidogo na akishasema amemaliza. Katika mwaka mzima wa mashindano aliandika jumbe saba, na Spika alimfuata hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Unatushusha, mama mkwe. Andika hata 'poa'."

"Sijaulizwa kitu."

"Kwani poa inangoja kuulizwa?"

"Yangu inangoja," alisema Nukta, akaendelea kukamua soksi.

Tulicheka, tukamwacha. Kumbe ujumbe wake wa saba ulikuwa umeshaandikwa, nasi hatukuwa tumeuona.

Wiki iliyopita, tukikagua orodha ya watakaofutwa ili kuona kama bweni letu litapoteza mtu, tuliufungua ujumbe huo. Baadaye tulimbana Nukta atueleze, naye, kwa namna yake ya kutoa neno kama mtu anayetoa jino, akatueleza.

Siku ya kufunga shule, Nukta alikaa langoni juu ya sanduku lake tangu asubuhi. Wazazi wake wametengana. Baba alidhani mama ndiye atakayemchukua, na mama alidhani ni baba. Magari yalikuja, yakapakia, yakaondoka, na sisi tukampungia mkono kutoka madirishani. Alitupungia pia, ili asitutie wasiwasi. Jioni Matroni alimrudisha bwenini. Alipopigiwa simu baba alisema wanapanga, na mama akasema hivyo hivyo. Walipanga siku kumi na nane.

Matroni alimletea chakula kutoka nyumbani kwake, kwenye bakuli lenye kifuniko, na hilo tunamshukuru. Lakini bakuli haliongei. Siku ya pili Nukta aliomba ufunguo wa maktaba, akawasha kompyuta na kuandika hivi:

"Nimebaki bwenini. Magodoro arobaini na matatu yamekunjwa. Kila siku nalala kitanda tofauti, visijione vimeachwa. Kuna mtu?"

Mgeni rasmi, tulikuwepo. Tulikuwepo sote, kila mmoja kwao, na simu ya mzazi mkononi, tukiandika "poa". Tulikuwa tunaandika jumbe mia tatu kwa siku. Ujumbe wa Nukta ulikaa juu ya ukurasa kwa muda wa dakika nne. Kufikia siku ya sita ulikuwa ukurasa wa sitini na moja, chini ya alfabeti ya Spika.

Siku hiyo ya sita aliingia maktaba mpishi wetu, Shangazi Mwiko, kuorodhesha vitu vya stoo. Hakujua kama kuna mtoto aliyebaki. Jiko lilikuwa limefungwa. Akaona jukwaa liko wazi kwenye kompyuta. Alikuwa amesajiliwa pamoja na wafanyakazi wote na hajawahi kuandika neno. Shangazi aliamini kwamba mtu haruhusiwi kuandika kabla hajasoma waliyosema wengine, kama vile mtu haingii kwenye kikao akaanza kuongea kabla hajawasalimu aliowakuta. Basi akaanza kusoma, ujumbe kwa ujumbe, kidole juu ya kioo. Poa. Sawa. Haya. Haya basi. Alisoma siku tatu. Na sisi tuliendelea kuandika, hivyo kila alipopiga hatua mbili tulimrudisha moja.

Siku ya tisa aliufikia ujumbe wa Nukta, akauandikia jibu. Lilimchukua nusu saa:

"Nimesoma yote. Mimi niko jikoni. Njoo, chai ipo. Usije na matope."

Siku tisa zilizobaki Nukta alizimaliza jikoni, akichagua mawe kwenye maharage na kuitwa mvivu, jambo ambalo anasema lilimfurahisha sana.

Shangazi Mwiko alistaafu muhula uliopita, akahamia kwa binti yake, mbali, na simu hana. Kila Jumamosi Nukta huenda maktaba, akafungua ukurasa ule mmoja, akautazama, akafunga. Mkutubi alidhani kompyuta imemshinda.

Shangazi ana ujumbe mmoja. Nukta ana saba. Ijumaa wote wawili wanafutwa.

Tulijaribu kumwokoa Shangazi kwa njia zetu. Tulibahatisha neno lake la siri: kitunguu, sufuria, mwiko, msinikimbilie. Akaunti ikajifunga. Kwa Nukta, Spika alipiga magoti.

"Poa tatu tu, mpenzi. Tatu. Niandike mimi, wewe ubonyeze."

"Sitaki kukaa pale kwa sababu ya poa," alisema Nukta.

Spika aliinuka, akapangusa magoti, na tarehe hiyo aliyoshindwa tumeiwekea alama kwenye kalenda ya bweni.

MAOMBI

Kwanza, tunaomba kikombe hiki ukirudishe ulikokitoa, au umpe dada wa kemia, ambaye alifeli.

Pili, tunaomba Ijumaa ufute jumbe zetu elfu kumi na moja. Tumeshazisoma zote upya, ukurasa kwa ukurasa, kama Shangazi, na hatukumwona mtu humo.

Tatu, na ndilo lililotuleta hapa, usimfute Shangazi Mwiko. Hatarudi kuandika mara tisa. Alichokuwa nacho alikisema.

HITIMISHO

Kwa kusoma hivyo tulifika mpaka ukurasa wa mwisho kabisa, ulioandikwa kabla sisi hatujaja shule hii. Tulikuta ujumbe wa kwanza wa jukwaa. Ni wako, mgeni rasmi, ulioandikwa siku ulipolifungua: "Hamjambo? Kuna mtu?" Chini yake hapana kitu. Una jumbe tatu tu tangu siku hiyo, kwa hiyo, kwa kanuni yako mwenyewe, Ijumaa na wewe unafutwa pamoja na Shangazi na Nukta.

Leo asubuhi, kabla ya kengele, ujumbe wako umejibiwa. Neno ni moja: "Tupo." Hatukuliandika kwa zamu, wala hatukulikata vipande. Aliomba aliandike Nukta. Huo ni wake wa nane. Bado mbili, na anasema hana haraka.

Mwenyezi Mungu akulinde njiani, na popote utakapouliza kama kuna mtu, akujalie wa kukuitikia.

Ni sisi,
Wasichana wa Bweni la Tatu, vitanda arobaini na vinne, vyote vina watu.