Mguu wa Kushoto wa Mpishi

Baba Askofu, Mchungaji wetu na mama mchungaji, wazee wenzangu wa kanisa, ndugu wageni waalikwa, na wewe Fundi, uliyeketishwa safu ya mbele leo kwa kulazimishwa: nawasalimu katika jina la Bwana.

Nimepewa dakika tano za kumuaga fundi viatu wetu, ambaye baada ya miaka kumi na tisa katika kile chumba cha nyuma ya kanisa anakwenda kuishi kwa binti yake. Nitazitumia kueleza habari ambayo wengi wenu mnaijua nusu, na nusu hiyo ni ile inayonipendeza mimi.

Mwaka aliohamia kwetu, nilikuwa mwenyekiti mpya wa baraza la wazee, na niliamini kwamba Mkristo asiyeweza kuomba mbele ya watu bado hajakomaa. Nikapanga zamu, kila mwanamume na Jumapili yake. Fundi alinijia akaniambia, kwa shida, kwamba ana kigugumizi. Nikamjibu, "Roho atakusaidia." Je, ile ilikuwa imani, au ukaidi tu? Wakati ule sikujiuliza.

Jumapili yake ikafika. Akashika kipaza sauti, akakwama kwenye neno la kwanza. Wakacheka vijana, kisha na watu wazima. Nami, badala ya kuwakemea, nilimnyang'anya kipaza sauti nikaimalizia sala mwenyewe, tena kwa sauti nzuri. Hakuonekana kanisani miezi mitatu.

Nilimfuata nyumbani kwake, si kumwomba radhi, bali kumwonya juu ya utoro. Nilimkuta amepiga magoti sakafuni, anachora wayo wa mama mmoja juu ya karatasi. Mama yule alikuwa mpishi wa shule, na mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole vitatu vya mkono. Miaka kumi na mmoja alisimama mbele ya majiko ameegemea upande, hata mgongo ukawa unamwuma kutwa, na shule ilikuwa imempa mwezi mmoja: apone au aache kazi. Fundi alimwongezea soli tabaka kwa tabaka, akamtembeza hadi mlangoni na kurudi, akapunguza kidogo kwa kisu, akamtembeza tena. Mara ya saba yule mama akasimama wima, akajishika kiuno.

"Mbona hapaumi?" akauliza, kisha akaanza kulia.

Nikamwambia Fundi, "Una karama hii, na hukuniambia?"

"Mzee, hu-hukuniuliza. Ulitaka ku-kujua kama naweza kusema."

Ndugu zangu, ni mara ngapi tunawapa watu kazi tunazozipenda sisi, kisha tunawahukumu kwa kuzishindwa? Nilirudi barazani nikaomba ile stoo ya nyuma ya kanisa iwe karakana yake. Wazee wawili walipinga, wakisema kanisa si gulio. Mmoja wao amevaa viatu vya Fundi leo, na kwa heshima yake sitatazama upande wake. Mpishi alirudi jikoni, akastaafu mwaka juzi kwa wakati wake. Wengine wengi wenye miguu kama yake wakaja kwa Fundi. Baadhi walibaki nasi ibadani, baadhi walichukua viatu wakaenda zao, na Fundi hakumwuliza hata mmoja anasali wapi.

Sitampamba. Hasira zake ziko karibu, na mahubiri marefu humkuta amesinzia. Lakini Fundi, nilikuaibisha hadharani, na radhi nikakuomba faraghani kwa kuwa ilikuwa rahisi kwangu. Leo nakuomba radhi mbele ya watu hawa wote.

Binti yake amenieleza kwamba alimpigia simu baba yake kumwambia chumba kiko tayari, kina dirisha na kitanda kipya. "Sasa baba unakuja kupumzika," akamwambia.

"Ndiyo, mwanangu," Fundi akamjibu. "Yule ji-jirani yako anayechechemea, mguu wake mbaya ni upi?"

Nawashukuru nyote. Asanteni kwa kunisikiliza.