Themostati ya Area 47

Wenye ofisi za serikali wako Capital Hill. Wenye majibu wako kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye benchi letu mbele ya kibanda cha kahawa cha Mama Odette. Ukitaka kujua kwa nini ndege haianguki au kwa nini mahindi yanaoza, njoo uketi. Tuko wanne, hatuna kazi, tuna muda wa kumpa kila mtu. Yuko Robert wa Uvira, fundi wa mapazia, tunayemwita Rido, yaani pazia. Yuko Nizigama, Mrundi ambaye hajasoma sheria hata siku moja ila anaijua yote. Huyo ni Avoka, yaani wakili. Yuko Ezechiel wa Fizi, yaani Voltaji, fundi umeme wa kweli kabisa, mwenye diploma iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Wa nne ni mimi. Jumanne ile ya Julai baridi ilikuwa inauma masikio, na Voltaji alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili bila kunywa kahawa yake.

Wiki iliyotangulia alikuwa amepata ruhusa ya siku moja kutoka kambini, akaenda mjini, Area 47, mtaa wa matajiri, kufunga themostati mpya kwa bwana mmoja mkubwa. Ni kidude cha ukutani: unakipangia saa na kiwango cha joto, nacho kinaiamrisha mashine iliyo ndani ya dari ipulize joto vyumbani au inyamaze. Bwana alikitaka kwa ajili ya mama yake mzee, asitetemeke alfajiri. Kikifanya kazi vizuri, bwana angemwandikia Voltaji barua ya kumtambua kuwa fundi wake, na kwa barua hiyo ofisi ingempa ruhusa ya miezi sita ya kwenda mjini na kurudi. Miaka kumi na moja mtu huyu anatafuta barua kama hiyo. Asubuhi ile bwana alikuwa amepiga simu: mama ametetemeka siku tatu mfululizo, mashine haipulizi kitu. Kwenda kuangalia Voltaji hawezi, ruhusa yake imekwisha, na anayekamatwa barabarani bila karatasi tunajua anarudishwaje. Bwana alisema atapiga tena saa tisa. Kama hakuna jibu, atatafuta mtu mwingine. Saa nane ilikuwa imeshapita.

– Ni mapile, akaanza Rido, akimaanisha betri. Mapile ya siku hizi ni bongo tupu, inadanganya tu. Unaweka leo, kesho imeshakufa.

– Kioo inawaka, Rido. Angalia foto, bwana njo alinitumia.

Tukainama wote juu ya simu. Ilikuwa imepigwa alfajiri ile: saa sahihi, siku sahihi, na joto limeandikwa nyuzi ishirini na nne.

– Nilipanga saa kumi na moja ya asubuhi ifikishe degre makumi mbili na tatu, akasema Voltaji. Inaona makumi mbili na ine. Njo maana inanyamaza. Yenyewe inajua joto iko ya kutosha.

– Na mama anatetemeka? akauliza Rido.

– Mama anatetemeka.

– Basi iko na bongo hiyo machine.

Avoka akakohoa. Akikohoa hivyo, ujue anasimama mahakamani.

– Munisikilize. Courant, umeme ya huku, inaenda, inarudi. Kila mara ikirudi, machine inasahau. Haiko kosa ya Voltaji. Ni force majeure, kazi ya Mungu.

– Haisahau, Avoka. Iko na mémoire yake.

– Basi ni we ulisahau. Sharti kuwe mwenye alisahau.

– Mi nilifungaga climatiseur, machine za baridi, ku hôtel mzima kule Uvira, we unaniambia nilisahau?

– Muache bongo, Rido akaingilia. Hii kitu ilitoka kwa Bazungu. Kwa Bazungu mwezi wa saba iko joto, bantu banaenda kuogelea. We unaiambia kuko baridi, yenyewe inakukatalia. Inakuona mwendawazimu.

– Haiko vile.

– Sasa iko namna gani? Hauna jibu, haunitaki na jibu yangu!

– Ngojeni, akasema Avoka, na kidole kikapanda juu. Ulipoiwasha mara ya kwanza, ilikuuliza nini?

– Langue. Tarehe. Kama iunge na réseau, na internet.

– Njo hiyo! Réseau ikaenda ku satellite. Satellite ikaangalia nani anafunga. Ikaona mtu hana permis ya kazi. Basi ikajifunga yenyewe, inangoja vérification, ihakikiwe kama siye wakimbizi.

– Vérification ya ngapi? Mi nilishafanya saba. Vidole byote kumi biko kwao.

– Itangoja sana, akasema Mama Odette akimimina. Mwisho itaambiwa dossier yake, faili yote, ilipotea.

Tukacheka mpaka benchi likalia. Sikuwa na furaha yoyote, nilicheka tu kwa sababu wenzangu walicheka. Voltaji peke yake hakucheka.

– Munacheka, akasema. Barua ikipotea, nitazeeka hapa pamoja na nyie. Diploma yangu itaoza mu sachet.

Nilijionea aibu. Saa nzima tumemaliza kahawa ya mama wa watu na hatujamsaidia kwa lolote.

Pembeni alikuwa amesimama mwanamke na kikombe chake, anangoja zamu. Gabriella, kutoka Fizi, hata mwezi hajamaliza kambini.

– Pardon, bapapa. Huyu mama mwenye kusikia baridi, analala chumba gani?

Voltaji akainua macho kutoka kwenye simu.

– Ninauliza juu hiyo kitu inapima joto ya fasi yenyewe iko, pale ku ukuta, si vile? Iko mu chumba yake?

– Iko ku cuisine, jikoni, akasema Voltaji polepole.

– Cuisine, fasi gani?

– Pembeni ya mlango wa nyuma. Karibu na fourneau ya kupikia.

– Na ile saa kumi na moja ya asubuhi, banapika?

– Banapika uji. Na madame anachoma mikate.

Voltaji akafumba macho. Nikaona ameelewa kwamba kidude kilikuwa kinapima joto la uji, na kuelewa kwenyewe kumemuuma.

– We na diploma yako! akafoka Avoka. Juu ya nini uliweka ku cuisine?

– Njo fasi nilifika.

– Balikukataza kupita?

– Hapana. Bwana alisema niweke fasi inafaa. Mlango wa couloir, wa kwenda vyumbani, ulikuwa wazi. Nikaona tapis, zulia yao, nikaangalia biatu byangu. Nikasema moyoni, hapa inatosha.

Tulimngoja Rido amkemee. Rido akawa anachokonoa mbao ya benchi kwa ukucha.

– Mi madirisha yao ninapimaga kwa inje, akasema. Mapazia ninaachia ku mlango, banatundika benyewe.

– Nilifua nguo kule Area 47 miaka mbili, akasema Mama Odette. Salon yao, ile sebule, iko rangi gani? Sijui.

Mimi nilifundisha watoto wa nyumba moja Kifaransa mwaka mzima, kwenye meza ya jikoni. Hakuna aliyeniambia nisiingie ndani. Nakumbuka nilivyokuwa ninashukuru kwa ile meza, na leo shukrani ile inanikera.

Voltaji alikuwa ameshasimama, uso umechangamka.

– Ni kazi ya saa moja tu! Ninaitoa ku cuisine, ninavuta waya mpaka chumba ya mama. Anitumie tu mtu anichukue na karatasi.

Saa tisa kamili simu ikalia. Voltaji akaweka sauti nje ili nasi tusikie. Waliongea Kiingereza, cha bwana kirefu, cha Voltaji kifupi. Nakiandika hapa kwa lugha yetu.

– Bwana, nimepata jibu. Naomba uniambie kitu kimoja tu. Mama yako analala chumba gani?

– Unasemaje?

– Chumba cha mama. Kiko upande gani wa nyumba? Karibu na mlango gani?

Hapo ndipo niliposikia maneno yale jinsi yalivyofika upande wa pili. Nikamshika mkono Voltaji. Nilichelewa.

– Uko na nani hapo? Nasikia watu.

– Rafiki zangu, bwana. Tumekaa hapa tunatafuta pamoja.

– Umekaa Dzaleka na rafiki zako, mnatafuta mama yangu analala chumba gani?

– Hapana, bwana! Ni juu ya joto. Ile themostati nili...

– Usikanyage tena kwangu. Jina lako nampa mlinzi sasa hivi.

Simu ikakatika. Voltaji akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena, haikuita kabisa.

Gabriella alikuwa bado na kikombe chake kitupu.

– Bapapa, niliuliza mubaya?

Avoka, mwenye jibu la kila kitu, akageuza uso. Voltaji akaketi, simu mkononi, akiitazama ile foto ya nyuzi ishirini na nne.

– Na kesho asubuhi, akasema, yule mama atatetemeka tena.