Mama Vénéranda, Muuguzi wa Ngozi Aliyeuliza Habari za Tumbo

Tarehe 31 Desemba 1992, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, muuguzi wetu Vénéranda Nyirahabimana atavua koti lake jeupe na kustaafu. Wasifu huu ameomba uandikwe kwa Kiswahili, lugha iliyomlea Buyenzi, kule Bujumbura, kabla hajaja Kigali kuolewa. Tumemtii, kama tulivyozoea kumtii katika mambo yote.

Alianza kwa kufua bandeji, akasomea uuguzi, akaishia kuwa mkuu wa wauguzi wa zahanati yetu ya ngozi hapa Muhima. Mkono wake ni mwepesi kwenye kidonda, ila ulimi, jamani, ulimi tuuache. Daktari wetu Eustache husimulia kwamba siku alipofika hapa kuanza kazi, aliulizwa kwanza kama amenawa mikono, ndipo akasalimiwa.

Tabia yake moja imetuchekesha sana. Mgonjwa aliyeishiwa nguvu akiandaliwa maji ya chumvi na sukari, Mama Vénéranda huyaonja kwanza mbele yake, kama mwenyeji anavyoonja kinywaji kabla ya kumpa mgeni. Mimi Kamikazi wa dirisha la dawa nimemtania mara nyingi kwamba atawamalizia watu dawa zao. Lakini hapa kwetu nani asiyejua maana ya kuonja? Ni kusema: hakina sumu, kunywa bila hofu.

Na hofu hiyo ndiyo iliyotusumbua kazini. Mtu akibabuka ngozi, huja kwetu. Tumbo likimsumbua muda mrefu, hunong'ona kwamba kuna mtu amemlisha kitu, akaenda kwa mganga. Daktari Eustache hachoki kutueleza kwamba baadhi ya magonjwa ya ngozi, hasa soriasisi, ile ya mabaka mekundu yenye magamba, huweza kufuatana na ugonjwa wa utumbo. Kinga ya mwili ikichachamaa, inaiunguza ngozi na matumbo nayo inaweza kuyaunguza. Si kwa kila mgonjwa, ila lazima tuulize. Tukiuliza, tunajibiwa kwamba tumbo ni zima kabisa. Mama Vénéranda akabuni njia yake: anauliza akiwa nyuma ya mgonjwa, anampaka marhamu mgongoni, macho hayakutani. Hapo watu husema.

Hapo ndipo aliposema Silvère, seremala wa Gikondo, ambaye ameturuhusu tumtaje. Mabaka ya viwikoni na magotini alikuwa nayo tangu ujana. Mwaka jana akaanza kukonda, tumbo likimsokota, choo kikitoka na damu, naye kimya. Alipopakwa dawa mgongoni akatoboa: amelishwa sumu, na aliyemlisha anamjua. Alimtaja shemeji yake Mukankusi, mke wa kaka yake, anayepika katika ua wao mmoja. Alikwisha kuacha kula chakula cha mkono wake. Ukoo ulikuwa umekaa kikao, na kaka mtu alikuwa tayari kumrudisha mkewe kwao na kubaki na watoto.

Mama Vénéranda hakumcheka wala kumkemea. Alimpeleka kwa daktari akapimwe. Majibu yalipoonyesha kwamba utumbo umeungua vilevile, akawaita wote watatu, Silvère, kaka yake na Mukankusi, wakaketi kwenye benchi letu. Daktari alieleza kwa upole. Kaka mtu akatikisa kichwa, hakusadiki. Ndipo Mama Vénéranda akasema maneno ambayo sisi tuliokuwepo hatuyasahau: "Daktari amesema magonjwa haya ni ndugu, na ule wa ngozi ndio kaka mkubwa. Huo wa ngozi ulianza huyu mwanamke akiwa bado mtoto kwa mama yake. Niambieni, alimlisha akiwa wapi?"

Mukankusi alilia, nami nililia, sioni aibu kuliandika.

Mukankusi hakurudishwa kwao. Lakini tusidanganyane, hofu haikuisha siku ile. Silvère alimeza vidonge, akanenepa kidogo, mabaka yakafifia, ingawa hurudi mara kwa mara, maana ugonjwa huu hutulia tu. Chakula cha shemeji yake hakukigusa kabla hajamwona ameonja. Mukankusi akaonja, kila mlo, bila neno, na iliniuma kusikia. Katika siku hizi ambapo vita viko kaskazini na majirani wanatazamana kwa jicho la pembeni, hatukuthubutu kutarajia zaidi ya hapo.

Siku ya sherehe ya kumuaga Mama, Mukankusi atatuletea ubushera, ile togwa yetu ya mtama, na desturi inamtaka mmiminaji aonje kwanza. Juzi Silvère alipita zahanati na ombi moja: kikombe cha kwanza apewe yeye, na shemeji yake asionje. Mama Vénéranda aliposikia alikaa kitako kwenye benchi lile lile, akashika shavu, ulimi wote umemwishia.

Mama, asante kwa mikono yako, na kwa ulimi pia. Nenda nyumbani Niboye ukakae na wajukuu. Ngozi iwe laini, tumbo litulie, na kila utakachokaribishwa ukinywe bila mtu kukuonjea.