Bitana ya Joho la Jabali

Mheshimiwa Waziri unayesimamia shule zetu, Bwana Mkurugenzi wa gazeti hili la watoto, Mzee wa Wino, ambaye leo unaweka kalamu chini baada ya miaka hamsini na minane, wahariri, wachapaji, na nyinyi vijana wa mitambo ambao mikono yenu haitakati hata mkinawa kwa mafuta ya taa, walimu, watoto wetu mliokaa hapa mbele kwa utulivu ambao najua mmeahidiwa soda, na nyinyi majirani zangu wa mistari ya nyuma, mliokuja gari zima kuhakikisha kwamba sisemi uongo: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa heshima yake, na ambaye sikumtaja ajue nimepungukiwa na karatasi, sikupungukiwa na adabu.

Nimepewa dakika tano. Mshereheshaji ameniambia kwa upole, "Mama, dakika tano tu, neno la mzazi." Nikamwambia, "Mwanangu, huyo mtoto mwenyewe nilimbeba miezi tisa." Akacheka, nami nimekihesabu kicheko chake kuwa ruhusa.

Mimi ni mfagizi mstaafu. Niliishia darasa la saba, na kwa miaka ishirini na mitatu nilifagia jengo moja la serikali, ghorofa nne na korido nane, na hakuna mtu aliyewahi kuteleza kwenye sakafu yangu. Nayataja haya mapema ili nitakapojisifu, na nitajisifu, mjue natoka wapi. Yule msichana wa gauni la kijani anayejificha nyuma ya maua ni wangu. Nyinyi kuanzia leo mnamwita Mchoraji Mkuu. Nyumbani ni Kiroboto, kwa sababu tangu ajue kutembea hajawahi kushuka mahali kwa ngazi.

Ndugu zangu, leo asubuhi, viti vikiwa bado vinapangwa, niliingia humu peke yangu nikaukuta ukurasa ule wa binti yangu ukutani, umekuzwa kutoka sakafuni hadi darini. Nilikuwa nimeuona mezani kwangu ukiwa na ukubwa wa sinia, tena nikaupangusa makombo ya mkate. Sasa ulikuwa unanitazama kutoka juu. Jabali, shujaa wa katuni huyu huyu tuliyekua naye, mwenye kudaka madaraja yanayoanguka, amepiga magoti katikati ya mafuriko, maji yamemfika kiunoni, amelitandaza joho lake juu ya paa lenye watu wasio wa kwetu, watu wa ng'ambo ya mpaka, na mvua yote inamwangukia yeye. Joho kwa nje ni la kijivu. Kwa ndani, pale linapogusa vichwa vya wale watu, ni bendera yetu, imeshonwa kwa mishono mikubwa inayohesabika. Na kifuani Jabali hana kitu. Nilisimama pale mpaka kijana wa viti akaniuliza kama natafuta choo.

Kifua hicho kitupu ndicho kilichotuletea maneno. Mzee wa Wino alipomzaa Jabali, nchi ilikuwa bado mbichi, na bendera ilikuwa kifuani mwake, pana kama sahani. Ndipo wengi wetu tulipoijua. Kwa hiyo ukurasa huu ulipotoka kwa majaribio, wakubwa wengi walikasirika, wakaandika magazetini kwamba mtoto wa leo anaionea haya nchi yake, ameificha bendera mgongoni halafu akawafunikia wageni. Vijana nao wakasema hata hiyo ya ndani ingetolewa, kwamba shujaa ni wa dunia nzima, na bendera kifuani siku hizi inafanana na fulana ya kampeni. Mheshimiwa, hayo ni maneno yao, mimi nanukuu tu. Msomi mmoja akaandika ukurasa mzima kueleza kwamba ile mishono mikubwa ni majeraha ya taifa.

Na sote tunajua tunangoja nini. Nikishuka hapa atapanda Mheshimiwa, na kwa neno lake Jabali huyu ataingia madarasani, au ukurasa utapewa mkono mwingine uchorwe upya, na mwanangu atarudi alikotoka, kuchora mapovu kwenye maboksi ya sabuni. Sikuja kumfundisha Waziri kazi yake. Nimekuja kuungama, kwa sababu watu wanabishana kuhusu wazo la binti yangu, na aliyeificha ile bendera ni mimi.

Kiroboto alikuwa na miaka sita. Alijifunga taulo shingoni, akapanda ukuta wa tangi la maji, akatangaza kwamba yeye ni Jabali, akaruka. Mguu ukavunjika mahali pawili. Daktari akasema lazima wampasue waweke chuma. Mtoto akasema haingii kwenye chumba hicho bila joho la kweli, lenye bendera, na taulo hataki kulisikia tena kwa sababu lilimwangusha. Nikaahidi. Mama akiwa amekaa kando ya kitanda cha namna ile, ni kitu gani hawezi kuahidi?

Wiki hiyo hiyo, pale ofisini, bendera ya juu ya jengo ilikuwa imechanika na upepo, ikashushwa. Sheria inasema ichomwe kwa heshima. Karani mkuu wetu, mtu aliyependa taratibu kuliko chakula cha mchana, aliniita akanikabidhi. "Mama, ifunge kwenye karatasi ya kaki," akaniambia. "Saa nane nyuma ya stoo. Mimi nitashuhudia."

Saa nane tukakutana nyuma ya stoo. Nikaweka kifurushi cha kaki juu ya mawe, nikawasha. Karani akavua kofia, akasimama wima, mkono kifuani, na nikaliona chozi. Nami nilisimama wima pia, tena kwa hofu kubwa, kwa sababu kilichokuwa kinaungua mle ndani kilikuwa dekio la choo cha ghorofa ya pili.

Karani wangu yupo hapa leo, mstari wa tatu, mwenye miwani. Baba, naona umeshika kichwa. Nisamehe. Harufu ile uliyoniuliza, nikasema ni dawa ya kitambaa, ilikuwa sabuni ya choo.

Bendera ilikuwa tumboni kwangu, chini ya sare. Jumapili mchana nikafunga mlango, nikakata ukingo ulioliwa na upepo, nikaketi nayo na sindano. Sasa sikieni, wakubwa na vijana, nyinyi mnaobishana kwa nini bendera iko ndani. Iko ndani kwa sababu niliogopa. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa askari. Nilichukua blanketi la kijivu nikaliweka nje, bendera nikaifanya bitana, ili mtoto ajue anayo na dunia isiione. Na yule msomi wa majeraha ya taifa, kama yupo humu, namheshimu sana, lakini mishono ni mikubwa kwa sababu sikuwa na cherehani.

Mwanangu aliingia kwenye chumba cha upasuaji amelifumbata lile joho. Akatoka salama. Nilidhani hadithi imeisha, kumbe nilikuwa bado sijamjua niliyemzaa.

Kitanda cha pili kilikuwa na mtoto wa kike wa umri wake, aliyeletwa na bibi yake kutoka ng'ambo. Walikimbia mafuriko, kama wale wa pale ukutani. Lugha yao hakuna aliyeijua wodini. Yule bibi alikuwa akiomba maji kwa vidole. Mchana mmoja mvua ilinyesha ya baridi, kioo cha dirisha kilikuwa kimevunjika, mablanketi ya wodi yamekwisha, na mtoto wa watu katoka kupasuliwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Mara nikaona Kiroboto wangu anateremka, na plasta yake nzito, anaburuta mguu, anavua joho, anamfunika. Blanketi juu, bendera chini, kwenye ngozi ya mtoto yule.

Nikamnong'oneza, "Kiroboto, rudisha hiyo."

"Anatetemeka."

"Naona anatetemeka. Lakini hiyo si ya kwao. Hiyo ni yetu."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga anayempenda. "Mama," akasema, "kwani Jabali huwa anauliza kwanza?"

Miaka yote nimemsomea gazeti hili, Mzee wa Wino, wewe mwenyewe uliandika kila wiki kwamba katika nchi yetu mgeni hakosi mahali pa kulala. Mimi nilisoma nikafunga gazeti. Mtoto alisoma akadhani ni kweli.

Kabla sijasema neno akaingia sista mkuu wa wodi, mama mmoja mkali, ambaye hata madaktari walikuwa wakizima redio akipita. Akaliona lile joho. Akainua pembe. Akaiona bendera. Akanitazama mimi na sare yangu ya serikali, na pale pale niliiona kazi yangu inatoka mlangoni bila kuaga. Yule sista akarudisha pembe taratibu, akaichomeka chini ya godoro ili baridi isiingie, akasema, "Kitambaa kizuri, mama. Kisifuliwe na mashuka yangu, kitachuja rangi." Akaenda zake. Baada ya muda kitanda kikaacha kulia. Yule bibi alikuja akaushika mkono wa mwanangu, akauweka kwenye shavu lake, akabaki hivyo, na mimi mfagizi, niliyeipita bendera ile kila asubuhi miaka mingi nikiwaza ndoo zangu, ndiyo siku nilipojua nchi yangu ni kubwa kiasi gani.

Basi, nyinyi mnaotaka bendera irudi kifuani, mimi ni wenu. Nampenda Jabali wa zamani, nilijifunzia kusoma kwake. Lakini niambieni: kifuani inamtazama nani? Inawatazama wanaopiga makofi. Na nyinyi vijana mnaotaka iondolewe kabisa, nanyi ni watoto wangu, ila nawauliza: mkitoa bitana, mtoto mgonjwa mtamfunika na nini? Blanketi tupu linawasha. Yule Jabali pale juu, akiwa hana nchi, angekuwa na nguvu tu, na wenye nguvu tu tunawajua, hawapigi magoti kwenye maji ya watu wengine. Amepiga magoti kwa sababu alilelewa mahali, akaambiwa maneno fulani akiwa mdogo, akayaamini. Hayo maneno ndiyo bendera. Sisi wengine tumekuwa tukipeperusha kitambaa.

Binti yangu alipompelekea Mzee wa Wino ukurasa huu kwa mara ya kwanza, nilikuwa naye, nimekaa kwenye benchi la nje, mlango wazi. Mzee alivua miwani, akautazama mpaka chai ikapoa. Halafu akasema, "Nilikuwa nachora bendera ya kutazamwa. Wewe umechora inayofanya kazi." Mzee wangu, kwa neno hilo nakushukuru mbele ya watu. Umemkabidhi mtoto wa mfagizi shujaa wa nchi nzima, na hukumwambia amshike namna gani. Pumzika, kalamu iko mahali salama, ingawa nakuonya, huyo mtoto husahau kula.

Nakaribia kumaliza, mshereheshaji, usinipungie mkono.

Kiroboto hajui nimekuja na nini kwenye huu mkoba. Alidhani lile joho lilipotea tulipohama. Hili hapa. Tazameni, blanketi limeliwa na nondo, ila bitana bado nzima, na doa hili ni la dawa ya kidonda cha mtoto ambaye jina lake hatukuwahi kulijua. Karani wangu, majivu uliyoyaandika kwenye daftari yalikuwa ya dekio. Bendera ya serikali ni hii. Kama sheria bado inanitaka, nyumbani kwangu mnapajua, mlango wa bluu, na sitakimbia, magoti yenyewe hayaruhusu.

Mheshimiwa Waziri, sirudi nalo kwenye kiti. Naliacha hapa, juu ya hii meza ya kusomea. Utakapokuja kuweka hotuba yako, itakubidi kwanza ulinyanyue, na kulinyanyua lazima mkono mmoja uingie ndani. Sina ombi lingine. Ukishalishika, sema ulilokuja kusema.

Kiroboto, simama, mwanangu, watu wakuone. Simama vizuri. Huyo ndiye wangu.

Kwa masikio yenu mliyonipa zaidi ya dakika tano, asanteni sana.