Nyumba ya Ibadakuli na Kodi Ambayo Haijalipwa

Sogezeni viti, wanangu, na mmoja wenu aizime hiyo redio, maana sauti yangu haiwezi tena kushindana na kitu chochote. Edson, kaa upande huu ambao sikio langu bado linasikia. Ritha, kaa karibu na mama yako. Baba zenu wadogo wako hapa, na nimewaomba katekista Sostenes na jirani yetu Mama Melania waje, kwa sababu nilipokuwa hakimu niliona wosia wa mdomo ukivunjwa mara nyingi kwa kukosa mashahidi wasio na fungu ndani yake. Anayetaka kunipima akili anipime sasa: leo ni Jumapili, mvua imetishia tena bila kunyesha, na uji alioniletea Mama Melania haukuwa na sukari.

Jambo lililonifanya niwaite mnalijua nyote, ingawa tumelizungumza kwa minong'ono. Edson anafundisha sekondari Geita, na anataka mkopo wa benki ajenge nyumba katika kiwanja chake, yeye na mkewe Rhoda na watoto wakae mbele, na vyumba vinne vya nyuma vipangishwe. Mshahara wake peke yake hauwezi kuubeba mkopo huo. Kwa hiyo ameongeza katika maombi yake kodi anayotarajia kutoka kwa wapangaji ambao bado hawajapatikana, wa vyumba ambavyo bado havijajengwa. Benki imekubali kuhesabu sehemu tu ya kodi hiyo, na kwa pengo linalobaki imetaka dhamana ya ziada. Dhamana ambayo Edson ameitaja ni nyumba hii ya Ibadakuli, ambamo mama yenu analala.

Sisemi kwamba Edson ni mtu wa tamaa. Nimezisikiliza hoja zake kama nilivyozisikiliza hoja za kila mdai aliyesimama mbele yangu. Anasema vyumba Geita vinagombewa. Hilo ni kweli, nimekwenda na nimeona. Anasema wapangaji hulipa kodi ya miezi sita mbele. Hilo nalo ni kweli kwa baadhi yao. Anasema hali itakuwa hivyo mpaka mkopo uishe. Hapo, mwanangu, ushahidi wako ulikoma, yakabaki matumaini.

Nilipokuwa Geita kiangazi kilichopita, nikiwa bado natembea, nilimkuta mtaani kwako mchimbaji mmoja aitwaye Valerian, anapiga mswaki mlangoni. Nikamuuliza atakaa katika chumba kile hadi lini. Akatema povu, akaniamkia vizuri, akasema, "Mzee, hilo iulize dhahabu. Nikisikia duara limetema huko Kahama, asubuhi godoro langu liko kwenye bodaboda." Duara ni shimo lao la kuchimbia, na kutema ni kutoa dhahabu. Nikamuuliza, na mwenye nyumba je? Akashangaa swali lenyewe. "Si atabaki na nyumba yake, mzee? Kwani mimi nahama nayo?"

Edson, uliniambia Valerian ni shahidi mmoja tu, nami nikakubali kwamba shahidi mmoja hatoshi. Ndiyo maana nilipita katika kitongoji ambacho wachimbaji walikikimbilia na baadaye wakakihama. Nikakuta vyumba vimepangana kama mabanda ya mnada siku isiyo ya mnada, milango imeng'olewa, mbuzi wamejilalia ndani, na mama mmoja mwenye vyumba hivyo ananiuliza kama ninatafuta pa kupanga.

Naona baba zenu wadogo wanatabasamu, kwa sababu wanajua ninakoelekea. Wajukuu waliokaa hapa chini hawajasikia habari hii, kwa hiyo nitaisema. Nilipomposa mama yenu kule Mhunze, aliyepeleka mahari kwa niaba ya ukoo wetu alikuwa marehemu baba yangu mdogo Bujiku, na kwa kuwa ng'ombe walipungua, alimswaga ng'ombe mwenye mimba akamhesabu kuwa wawili. Mkwe wangu Masele aliliona tumbo limejaa, akakubali. Kabla ya mvua ng'ombe akaharibu mimba. Masele akadai ndama wake. Bujiku akajibu kwamba ndama alikwishatolewa, na aliyemwacha afe ni aliyempokea. Wazee wale wawili hawakusalimiana mpaka wakazikwa, na mama yenu kila akienda kwao wifi zake walimpokea kwa kicheko: "Mayu, umekuja na ndama, au bado yuko njiani?"

Kesi ile ingeletwa kwangu, ningewauliza wote wawili swali moja: mlihesabu nini? Ng'ombe mwenye mimba ni bora kuliko ng'ombe mkavu, na ni haki bei yake iwe juu. Benki inalijua hilo, ndiyo maana kodi yako haikuitupa yote. Lakini aliyesimama zizini ni ng'ombe mmoja.

Sasa sikilizeni hukumu, kwa maana pumzi inapungua. Kama kodi ya Edson ni ya hakika, benki haina haja ya nyumba ya mama yenu. Kama si ya hakika, mama yenu ndiye atakayeilipa, kwa kuondoka humu na vyungu vyake. Nimeigeuza hoja hii usiku na mchana na sikuona njia ya tatu. Nyumba hii haiwekwi rehani, wala kwa Edson, wala kwa Ritha, wala kwa mjukuu atakayekuja na maneno matamu. Hati yake imekwishaandikwa jina la mama yenu.

Edson, usiinamishe kichwa, sijamaliza. Nyumba utajenga. Ng'ombe wangu wa Mhunze wauzwe, na fedha yote iwe yako. Jenga sehemu ya mbele na vyumba viwili badala ya vinne, ukope kile ambacho mshahara wako unaweza kukibeba hata vyumba vyote vikiwa vitupu. Wapangaji wakija, utashukuru. Wasipokuja, watoto watacheza humo na hakuna atakayekugongea mlango. Naamini utaweza. Wewe ni mwalimu wa hesabu, na kosa lako lilikuwa moja tu.

Ritha, kiwanja cha Tinde na fremu zake za maduka barabarani ni vyako. Zina wapangaji leo, lakini usije ukazihesabu kama mshahara. Na msemeshe kaka yako. Anadhani wewe ndiye uliyenitia maneno. Edson, hakunitia. Alikutetea hapa mpaka nikamwambia atoke nje.

Nipeni maji kidogo.

Paskalina, mke wangu, sheria inataka mwenye nyumba akubali kwa hiari yake, na hiari ya mama ni nyepesi mtoto anapolia. Nataka mashahidi wakusikie. Edson akikuletea karatasi za benki, utasema nini? Sema kwa sauti, mimi nasikia upande mmoja.

Mmesikia? Sostenes, umesikia? Anasema atamkaribisha akae, atampa ugali ashibe, kisha atamwambia hapana.

Wabeja, mayu. Asante, mama. Hilo lilikuwa limenizuia kupumzika.

Nizikeni hapa uani, bila sherehe kubwa, na asikope mtu kwa ajili ya jeneza. Edson, Ritha, leteni mikono. Yote miwili. Mungu awape nyumba zenye watu... na usingizi ndani yake. Awape watoto wa kuwabishia, kama mlivyonibishia mimi. Mama yenu... msimhamishe. Acheni dirisha wazi. Nendeni mkale sasa, amekwisha kupika.